Barua pepe kubaunsi: maana yake, na jinsi ya kusoma jibu la Mailer-Daemon

Barua pepe ikiondoka kwako, kisha seva (kompyuta inayopokea na kusambaza barua) ya upande wa pili ikaikataa, inasemwa imebaunsi. Muda mfupi baadaye unapata barua ya Kiingereza kutoka kwa Mailer-Daemon. Huyo si mtu, ni programu ya seva. Usihangaike kumjibu.

Fikiria barua ya posta iliyorudi Dodoma kwa sababu S.L.P. iliyoandikwa haipo. Ila seva ina ustaarabu zaidi: inakutajia sababu, kwa namba.

Barua inayoonekana bado kwenye Outbox haijabaunsi. Hiyo haijatoka kabisa, kaangalie bando, mtandao au nywila. Iliyoangukia kwenye spamu nayo haijabaunsi. Imefika, ila mwenyewe hajaiona.

Ndani ya jibu hilo tafuta tarakimu tatu kama 550, na pembeni yake namba yenye nukta kama 5.1.1. Inayoanza na 4 ni kizuizi cha muda. Seva itaendelea kujaribu yenyewe, pengine kwa siku kadhaa, kwa hiyo usitume upya, la sivyo mpokeaji ataletewa nakala tatu za barua ileile. Inayoanza na 5 imekataliwa moja kwa moja, na kurudia bila kurekebisha kitu ni kuchoma bando.

5.1.1 maana yake anwani haipo kwenye seva hiyo; kosa likiwa baada ya alama ya @, huweza kuja namba nyingine kama 5.1.2. Kwa hiyo kagua pande zote mbili za @, hasa baada yake. Mwombaji wa kazi anayeandikia ofisi ya serikali kule Mtumba anaweka .gov.tz, wakati anwani za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Vyuo ni .ac.tz, kama udom.ac.tz. Wengine huandika gmail.con. Mara nyingine anwani imenakiliwa kwenye tangazo pamoja na nukta ya mwisho wa sentensi. Ukishasahihisha, futa pia ile mbovu kwenye majina yanayopendekezwa na programu. Usipoifuta, wiki ijayo itajileta tena.

5.2.2 ni kisanduku kilichojaa. Hapo mtumaji huna la kufanya zaidi ya kumpigia mwenzako simu. Kama kilichojaa ni chako cha Gmail, kumbuka kwamba zile GB 15 za bure zinachangiwa na picha za Google Photos pamoja na mafaili ya Google Drive. Watu hufuta barua mia mbili zisizo na uzito na kuziacha video. Tena ulichofuta kinaendelea kuhesabiwa mpaka ukiondoe kwenye pipa la taka.

5.3.4 au 5.2.3 ni uzito kupita kiasi, na hapa ndipo watu hulalamika kwamba wameonewa. Barua pepe asili yake ni maandishi, hivyo kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri: kila baiti 3 zinakuwa herufi 4. Uzito unaongezeka kwa theluthi nzima. Ofisi ikiweka kikomo cha MB 10, faili lako la MB 8 linafika likiwa na zaidi ya MB 10.6, linakataliwa. Dawa iko stesheneri: vyeti vikiskaniwa kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) kwa rangi, omba dpi 200. Nukta za picha zinapungua mara 9, na maandishi bado yanasomeka vizuri.

5.7.1 na wenzake wa 5.7 ni kukataliwa kwa sababu za usalama au ruhusa. Huwapata sana wenye domeini zao, yaani wanaotumia jina lao wenyewe baada ya @. Tangu Februari 2024 Gmail inadai kila domeini inayoitumia barua iwe na SPF au DKIM, ambazo ni njia za kuthibitisha kwamba barua kweli imetoka kwenye domeini hiyo, kwa hiyo mpe kazi hiyo anayetunza domeini yako.

Ukipata jibu la barua ambayo hukuandika, fungua barua ulizotuma. Ikiwemo, kuna mtu ndani ya akaunti: badili nywila, kisha kagua vifaa vilivyoingia na kama kuna anwani inayopelekewa barua zako kimyakimya. Isipokuwemo, yaelekea mtu ameandika anwani yako kama mtumaji tu, ingawa vifaa vikague vilevile. Na jibu lenyewe likiwa na kitufe cha kukutaka uingize nywila ili "uikomboe" barua yako, lifute: Mailer-Daemon haulizi nywila.