Anzeni na maganda, chupa zina mwenyewe

Kabla mtaa haujaanza kutenganisha taka, huwa naomba nyumba kumi zinitunzie taka zao za wiki nzima. Tunatandika turubai, tunamwaga, tunachambua kwa mikono (glavu, jamani), halafu tunapima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunua skrepa. Watu wakisogea kutazama wanaonyesha chupa za maji na soda. Kweli zimejaa machoni, ila ukizitundika kwenye mizani mshale hautikisiki. Uzito uko kwenye maganda ya ndizi na viazi, wali uliolala, vichwa vya dagaa, mchicha ulionyauka. Katika miji yetu taka zinazooza ni zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumbani.

Kinachofuata huwashangaza wengi: mchanga. Mtu kaamka, kafagia uwanja kwa fagio la chelewa, kazoa majani pamoja na mchanga, kasukumia kwenye salfeti ileile ya maganda. Baada ya hapo zinakuja pampasi, ambazo hata ukigawa ndoo za rangi saba bado hazina pa kwenda.

Sasa angalia mipango mingi ya halmashauri inaanzia wapi. Inaanzia kwenye pipa la chupa, na picha ya diwani pembeni. Chupa ya plastiki Dar es Salaam haina shida ya kukosa mtu. Mwokota makopo ameshaiona kabla gari la taka halijawashwa, ataipeleka kwa mnunuzi wake, itapimwa kwa kilo, na halmashauri haijatoa hata shilingi. Tunamnyang'anya riziki yake, kisha maganda tunayaacha yasafiri mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi. Kule yanafukiwa, yanaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayochangia kuipasha dunia joto.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezibebesha serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, kwa hiyo wa kufanya kazi hii wanajulikana. Mara nyingi kinachokwama ni usafiri. Katazo la mifuko ya plastiki la 1 Juni 2019 lilikuwa na unafuu mmoja mkubwa: halikuhitaji gari. Kutenganisha taka kunahitaji.

Niliwahi kushiriki mpango mmoja, mtaa siutaji, tukagawa ndoo mbili kila nyumba, ya kijani na nyeusi. Kina mama walichambua vizuri kuliko nilivyotegemea. Wiki ya tatu likaja gari, likabinua ndoo zote mbili kwenye bodi moja. Mama mmoja akanishika mkono: "Mwanangu, mmetuchambulisha uchafu ili mkauchanganye nyie?" Nilibaki natazama viatu vyangu. Wiki iliyofuata ndoo za kijani zilikuwa zimejaa nguo zilizolowekwa, na sikumlaumu mtu.

Taka mvua na taka kavu haziwezi kuwa na ratiba moja. Kwa joto letu, ganda la embe siku ya tatu lina funza. Karatasi na makopo yanaweza kusubiri wiki mbili na hakuna atakayeziba pua. Basi taka mvua zichukuliwe na guta, ile ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, mara tatu kwa wiki, safari fupi fupi. Taka kavu zisubiri gari. Mkandarasi ataguna kwamba ni gharama, lakini mafuta ya kwenda Pugu na foleni ya pale getini anavijua yeye. Akipunguza safari, kuna hela ya kumlipa kijana wa guta, na kwa maoni yangu ibaki kidogo ya kumpunguzia ada aliyetenganisha. Leo anayechambua na asiyechambua wanalipa sawa.

Guta liende wapi? Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani. Ila mtaa wenye kona ya kiwanja unaweza kuanza na rundo lake. Maganda yachanganywe na majani makavu au maranda, yageuzwe, ndani yafike nyuzi joto 55 au zaidi ili mbegu za magugu zife. Unyevunyevu pima kwa kiganja: kamata konzi, binya. Yakidondoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, ongeza maranda.

Mboji ikiiva unarudi kwenye ule mchanga. Muuza miche wa barabarani akiinua kiroba akakiona kizito kama cha saruji, hanunui. Kipande cha chupa kikimchana kidole, harudi tena. Ndiyo maana mkutano wa kwanza na wakazi huwa nauanza na ufagio: majani yazoeni, mchanga rudisheni chini ya mwembe.

Mtaa ninaofanya nao kazi sasa hatukununua ndoo. Kila nyumba imetoa ndoo yake kuukuu ya rangi ya ukuta, yenye mfuniko. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kijana wa guta anapuliza filimbi saa moja asubuhi, anafunua mfuniko, anachungulia. Akikuta plastiki anakurudishia ndoo hapohapo, majirani wakiona, na hilo limefundisha watu haraka kuliko semina zangu zote. Pampasi zinaendelea kwenda Pugu kama kawaida.