Babu "Aliyepotelea Baharini": Dhana Potofu Kuhusu Mababu, Kesi na Jela za Uingereza

Karibu kila ukoo una babu anayetajwa kwa sauti ya chini. "Alipotelea baharini," watakwambia, kisha mazungumzo yanahamia kwingine. Kama ukoo una asili ya Uingereza, huenda babu huyo hakuzama popote. Yumo kwenye daftari la mahakama, la jela au la nyumba ya maskini (workhouse, walikohifadhiwa wasio na kitu). Karatasi zipo tele. Taabu iko kwenye kuzisoma.

Dhana: Kumbukumbu ya mahakama inaeleza kilichotokea

Inaeleza kilichoandikwa, na waliohusika walikuwa na sababu zao. Chukua mfano wa mtumishi aliyeshtakiwa London mwaka 1800 kwa kuiba vijiko vya fedha nyumbani kwa tajiri wake. Shtaka linasema vina thamani ya pauni 5. Uamuzi unasema ana hatia ya kuiba mali ya shilingi 39. Kilembwe anayesoma leo atadhani karani alichemsha kwenye hesabu. Wala. Kati ya 1713 na 1827, kuiba nyumbani kwa mtu mali ya shilingi 40 au zaidi kulikuwa na adhabu ya kifo, na pauni moja ilikuwa shilingi 20. Juri, yaani raia walioamua kama mshtakiwa ana hatia, ilishusha bei ya vijiko makusudi ili mtu asinyongwe. Pengine kilembwe huyo amezaliwa kwa sababu ya shilingi moja iliyopungua kwenye 40.

Na ukimkuta mshtakiwa kasema maneno matatu tu ya kujitetea, usikimbilie kudhani alikiri. Hadi 1836, wakili wa mtuhumiwa wa kosa kubwa hakuruhusiwa kuihutubia juri kwa niaba yake. Ilibidi kungoja sheria ya 1898 ndipo washtakiwa wote wapate haki ya kutoa ushahidi kwa kiapo katika kesi zao wenyewe. Kumbukumbu za Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, za 1674 hadi 1913, zinasomeka bure kwenye intaneti, lakini kesi nyingi humo zimefupishwa, na kwa miaka mingi zilichapishwa ili ziuzwe. Mimi huzisoma kama gazeti: kwa hamu, na kwa shaka.

Dhana: Alihukumiwa kunyongwa, basi alinyongwa

Wengi hawakunyongwa. Hukumu zao zilibadilishwa, mara nyingi zikawa kupelekwa Australia kwa miaka 7, 14 au maisha. Kati ya 1788 na 1868 walisafirishwa hivyo watu wapatao 160,000. Jina likikatika ghafla London, lifuate kwenye orodha za meli na za wafungwa wa New South Wales au Tasmania. Huko makarani waliandika urefu, rangi ya macho, makovu, hata michoro iliyochanjwa mwilini. Familia haina hata picha yake moja, lakini karani anajua nanga ilichorwa mkono upi. Kwa hiyo baharini alikwenda kweli, ila hakupotea.

Dhana: Alikaa jela, basi alikuwa mhalifu

Labda alidaiwa tu. Kabla ya sheria ya 1869 kupunguza sana kifungo cha deni, mtu aliweza kuwekwa ndani kwa kushindwa kulipa. Baba yake Charles Dickens, mwandishi wa riwaya, alifungwa katika jela ya Marshalsea, London, mwaka 1824 kwa deni la pauni 40 na shilingi 10, huku mwanawe wa miaka 12 akifanya kazi kwenye kiwanda cha rangi ya viatu. Mfungwa wa aina hii usimtafute kwenye majalada ya jinai. Hilo ni shauri la madai.

Nyumba ya maskini nayo haikuwa jela. Ilifanywa ngumu makusudi baada ya sheria ya 1834, lakini mtu aliweza kuomba kutoka akatoka. Wengi walioingia walikuwa wazee, wagonjwa, na wajawazito wasio na pa kwenda.

Dhana: Umri ukitofautiana, ni mtu mwingine

Sensa ya 1841 ilielekeza umri wa waliozidi miaka 15 ushushwe hadi kwenye namba ya karibu inayogawanyika kwa tano. Mwenye 34 akawa 30. Songa mbele.

Dhana: Waliachana, basi hati ya talaka ipo

Kabla ya 1858, talaka kamili ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, jambo la wenye fedha. Hata baada ya hapo, mpaka 1923, mke hakupata talaka kwa uzinzi wa mume peke yake. Alitakiwa kuthibitisha na jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Maskini walihama tu. Wengi waliamini kwamba mwenza akipotea miaka saba, ndoa imekufa yenyewe. Sheria haikusema hivyo: ilimkinga tu na kosa la kuwa na ndoa mbili yule ambaye kwa miaka saba hakujua kama mwenzake yu hai. Ndiyo maana unaweza kumkuta bibi kwenye sensa ameandikwa mjane, na mumewe, mzima wa afya, mitaa miwili mbele, ameandikwa ana mke. Jina la mke huyo si la bibi.