Chipu haiongezi usikivu, inashika muda

Mtu akisikia tumeunganisha chipu ya mifereji midogo ya kupitishia vimiminika na SERS, yaani mbinu ya Raman ya kutambua molekuli kwa mwanga, inayotiwa nguvu na uso wa metali, hudhani usikivu (uwezo wa kugundua kiasi kidogo sana cha kitu) unatoka kwenye chipu. Hapana. Usikivu ni kazi ya fedha, ile metali.

Leza ikigonga molekuli, karibu mwanga wote hutawanyika kwa rangi ileile. Fotoni moja tu kati ya milioni kumi hivi ndiyo hubadilika rangi kufuata mitetemo ya molekuli, jambo alilogundua C. V. Raman huko Kolkata mwaka 1928. Mwaka 1974 Fleischmann na wenzake, Southampton, Uingereza, walipima kemikali iitwayo piridini juu ya elektrodi ya fedha iliyoparuzwa, wakapata ishara kali. Walidhani ni eneo la uso tu limeongezeka. Mwaka 1977 Jeanmaire na Van Duyne wakaonyesha kwamba eneo peke yake halitoshi kueleza ongezeko hilo.

Siku hizi wengi tunatumia nanochembe za fedha, yaani chembe ndogo mno, zinazoelea majini. Ukitia chumvi, zinashikana, na kwenye nyufa za nanomita moja au mbili kati yake ndipo ishara inapopanda sana. Tatizo ni kwamba hazikomi kushikana. Kichupa kilekile ukikisoma sasa na baada ya dakika tatu, kinatoa majibu mawili, halafu fedha inatuama chini.

Ndani ya mfereji wenye upana wa mikromita mia moja hivi, mtiririko ni tulivu. Sampuli, fedha na chumvi vikikutana kwenye njiapanda, umbali kutoka hapo unakuwa ndiyo saa. Leza ikilenga nukta moja, kila usomaji ni wa mchanganyiko wenye umri uleule. Ila utulivu huo unazuia vimiminika visichanganyike upesi, ndiyo maana mifereji yetu ina kona nyingi.

Kinachokera zaidi ni fedha kuganda ukutani: sampuli ya jana inaendelea kusomeka leo. Dawa yake ni kusafirisha sampuli kama matone ya maji ndani ya mafuta, yasiguse ukuta.

Halafu kuna chipu yenyewe. Silikoni laini ya PDMS iliyoitengeneza ina vilele vyake vya Raman, kimoja kwenye 708 cm⁻¹ (kipimo cha kiasi rangi ilivyobadilika). Kilele kikuu cha melamini, ile kemikali iliyochakachua maziwa China mwaka 2008, kiko jirani na 700. Kwa hiyo leza tunailenga katikati ya mfereji, na maji matupu tunayapima kwanza ili tujue vilele vya chipu yenyewe. Maziwa nayo lazima yaondolewe protini kabla ya kuingia, la sivyo zitafunika fedha na melamini ikose pa kukaa. Hatua hiyo bado tunaifanya kwa mkono, nje ya chipu.