Kwa nini Kanada iliuza nyumba ilizoahidi kuzitunza?

Wengi hudhani mali za Wajapani wa Kanada zilitaifishwa tu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, basi. Sivyo. Ziliuzwa, na wenyewe wakatumiwa hesabu kwa posta. Wala hofu ya ujasusi haielezi uuzaji huo, kwa kuwa wenye nyumba walikuwa wamekwisha kuondolewa pwani ya British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada, na kuzuiliwa mbali nayo tangu 1942. Tena hawakuwa wageni: kati ya watu wapatao 22,000, wengi walikuwa raia, waliozaliwa hukohuko au waliopewa uraia.

Machi 1942 mali zao zilikabidhiwa kwa Msimamizi wa Mali za Adui, ofisa aliyewekwa na serikali, azitunze. Tarehe 19 Januari 1943 amri mpya ikamruhusu kuuza bila idhini ya mwenyewe. Maofisa walisema nyumba tupu zinachakaa; wanasiasa wa jimbo hilo walitaka wenyewe wasirudi; na ardhi ilitafutwa kwa ajili ya askari watakaotoka vitani. Zaidi ya mashamba 700 yalikwenda kwa mpango huo wa askari.

Fedha ndizo zenye kioja. Umemwachia jirani mbuzi. Kamuuza bila kukuuliza, kashika fedha, kisha anakupimia kidogo kidogo ununue unga, na husaidiwi mpaka ziishe. Ndivyo ilivyokuwa: zilikatwa ada na madeni, na kilichobaki kikatolewa kwa mafungu ya kujikimu. Familia ikajilipia kizuizi chake.

Barua za kupinga zilimiminika. Wengine walirudisha hundi za mauzo. Mkulima mmoja aliyeipigania Kanada katika Vita vya Kwanza, na aliyepata shamba lake kupitia mpango wa askari, alinyang'anywa ili lipewe askari wengine. Alirudishiwa baada ya vita, jambo la nadra mno.

Watatu walikwenda mahakamani. Hukumu ilitoka 1947, mali nyingi zikiwa zimekwisha kuuzwa: jaji Joseph Thorson alisema Msimamizi si mtumishi wa Serikali, hivyo Serikali haishtakiwi kwa matendo yake. Thorson mwenyewe alikuwa waziri mwaka 1942.

Tume ya jaji Henry Bird iliyofuata ilichunguza kama bei ilikuwa ndogo mno, si kama kuuza kulikuwa halali. Mwaka 1988 Kanada iliomba radhi na kumlipa kila manusura dola 21,000, awe alikuwa na shamba au hakuwa na kitu.