Meli ya biashara yenye silaha: maana yake

"Papa, meli inayobeba mizigo yetu inahitaji bunduki ya nini?" Kijana ninayefanya naye kazi ya forodha hapa Lubumbashi aliniuliza hivyo alipoona kwenye karatasi za bima mstari wa hatari ya vita na maharamia. Swali la haki kabisa. Shaba inayotoka kwetu kwa kamyo, ikipita Kasumbalesa hadi Dar es Salaam, hupakiwa kwenye meli ya raia, na mabaharia wake si askari.

Meli ya biashara yenye silaha ni meli ya mizigo au abiria iliyopewa silaha za kujikinga huku ikibaki ya raia. Siyo manowari. Neno zito hapo ni kujikinga, na zamani maana yake ilionekana kwa macho: ulitazama mzinga umefungwa wapi.

Mwaka 1913, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza ilianza kufunga mizinga kwenye baadhi ya meli zake za biashara, nayo iliwekwa tezini, yaani nyuma. Meli inayowinda hupiga kwa mbele, upande wa omo. Inayokimbia humpa adui kisogo, kwa hiyo mzinga wa tezini humfaa anayekimbia. Wajerumani hawakutaka kusikia habari za raia kujitetea. Julai 1916 walimpiga risasi nahodha Mwingereza, Charles Fryatt, kwa kosa la kujaribu kuigonga nyambizi yao kwa meli yake ya abiria, ambayo haikuwa hata na mzinga mmoja. Kila nikikumbuka kisa hicho naona uchungu.

Sisi wa Katanga tunao mfano wa upande wa pili. Hedwig von Wissmann, meli ndogo ya Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika, ilifungwa mizinga vita vilipoanza, na Agosti 1914 ikaishambulia Alexandre Delcommune ya Wabelgiji kule Lukuga, Kalemie ya leo. Meli inayomfuata mwenzake hadi nyumbani kwake imekwisha kuwa manowari. Ilizamishwa Februari 1916, na mojawapo ya boti za Waingereza zilizoizamisha, iliyoitwa Mimi, ilikuwa imepita hapa mjini kwetu kwa treni mwaka 1915, enzi Lubumbashi ikiitwa Élisabethville.

Mzinga unataka mikono. Katika Vita vya Pili, jeshi la Uingereza lilipeleka wapiga mizinga kwenye meli za biashara, lakini hawakutosha. Mabaharia wenyewe, takriban 150,000, walifundishwa kupokezana makombora, kuujaza mzinga na kushika nafasi ya aliyeanguka.

Siku hizi baharia hufundishwa zaidi kujificha. Maharamia wa Somalia walipopanda Maersk Alabama Aprili 2009, mabaharia wengi walijifungia chini, kwenye mitambo, wakazima injini na umeme. Maharamia wakajikuta juu ya meli isiyokwenda, ingawa walimchukua nahodha. Chumba cha namna hiyo, chenye mlango wa chuma, maji, chakula na redio, ndicho huitwa ngome. Novemba mwaka huohuo meli hiyohiyo ilishambuliwa tena, safari hii ikiwa na walinzi wenye bunduki. Walirusha risasi, maharamia wakageuza boti.

Lakini bunduki baharini ina msiba wake. Februari 2012, karibu na Kerala, India, wanamaji wa Italia waliokuwa wakiilinda meli ya mafuta Enrica Lexie waliwaua wavuvi wawili waliodhaniwa kuwa maharamia. Kesi ilikokotwa hadi 2021, Italia ilipolipa fidia. Ndiyo maana mlinzi hufundishwa kwanza kusimama waziwazi na kuinua bunduki ionekane, kisha kurusha fataki za onyo, kisha risasi majini mbele ya boti. Mvuvi akiona hivyo, ana muda wa kugeuza.