Chopa ya polisi ikishatua, data yake inaenda wapi?

Nikiwaambia watu naandika programu ya kusoma data za chopa za polisi wanadhani ni ile kamera ya chini inayofuata gari la mwizi. Hapana, hiyo ni ya wapelelezi. Mimi nashughulika na chopa yenyewe: ilipaa saa ngapi, ilikuwa futi ngapi juu, iliinama kiasi gani, injini ilisukumwa hadi wapi, mafuta yamebaki kilo ngapi.

Nianze na mwaka 2013 maana ndo unaeleza kila kitu. Machi 30 huko Alaska, chopa ya polisi wa jimbo ilikuwa imetoka usiku kumuokoa mtu aliyekwama na pikipiki ya theluji, wakampata, wakiwa njiani kurudi hali ya hewa ikawameza, ikaanguka, wote watatu wakafa. Lakini mle ndani kulikuwa na kakifaa kadogo kanakopiga picha za dashibodi mara 4 kila sekunde. Picha zikaonyesha kwamba rubani, akiwa hewani na nje haonekani kitu, alifunga ile geji inayomwonyesha kama chopa imelala sawa ama imeinama. Yaani geji ikarudi kusema "uko sawa" wakati hayuko sawa! Hakuna shahidi wa nje angejua hilo, hata kidogo.

Novemba 29 mwaka huohuo, Glasgow huko Uskoti, chopa ya polisi aina ya EC135 ikaangukia paa la baa ya Clutha. Watu 10 wakafa, 3 waliokuwa ndani ya chopa na 7 waliokuwa baa. Hii haikuwa na rekoda ya safari, sheria haikuilazimisha, kwa hiyo wachunguzi ikabidi wakwangue memori za vifaa vya injini na vya taa za onyo. Wakakuta tanki kubwa bado lina mafuta kilo 76. Shida ni kwamba injini za EC135 hazinywi moja kwa moja kutoka tanki kubwa, zinakunywa kwenye vitanki viwili vidogo vinavyojazwa na pampu, na swichi za hizo pampu zilikutwa zimezimwa. Injini ya kwanza ikazimika, sekunde 32 baadaye ya pili. Kwa nini swichi zilikuwa zimezimwa? Hakuna picha wala sauti ya kujibu, na familia zimebaki na hilo swali. Ripoti ya 2015 ikapendekeza chopa za polisi Uingereza ziwe na rekoda ya data, sauti na picha. Na sisi Wakenya tuna Ngong, Juni 10, 2012, chopa ya polisi ikaanguka, watu 6 wakafa, akiwemo waziri George Saitoti na waziri msaidizi wake Orwa Ojode. Kwa hiyo mtu akiniambia rekoda ni anasa nakasirika kabisa.

Sasa, kurekodi ni nusu tu ya kazi. Programu inachukua kila safari, hata ile ya kawaida isiyo na tukio, inalinganisha na mipaka tuliyoweka, halafu inaweka alama palipozidi. Pia inaunganisha safari na daftari la matukio ili ijulikane chopa ilienda kufanya nini. Los Angeles mkaguzi wa jiji alipiga hesabu za aina hiyo mwaka 2023 akakuta asilimia 61 ya muda wa chopa za polisi umeenda kwa shughuli zisizo za haraka, na gharama ni kama dola milioni 46.6 kwa mwaka. Bila rekodi ungebishana hadi asubuhi. Ila kuunganisha si rahisi vile. Mwanzoni programu yangu ilibandika safari za usiku kwenye matukio ya jioni, nikahangaika siku mbili, kumbe rekoda inaandika saa ya GPS na wahudumu wanaandika ya Nairobi, tofauti masaa matatu.

Kubwa zaidi lakini ni rubani akuamini. Wachunguzi wa Alaska waliandika waziwazi kwamba idara ilikuwa na tabia ya kuadhibu, na kwa hiyo habari za usalama hazikupita. Mimi nilijifunza kwa korongo, yule ndege wa miguu mirefu. Nilimwonyesha rubani mmoja mzee grafu, laini nyekundu imeruka juu, nikamwambia Kapteni, hapa uliinamisha hadi digrii 52. Akaitazama skrini kitambo, akasema, "Kijana wangu, hapo kulikuwa na korongo mbele ya kioo, ulitaka nimsalimie?" Grafu haina korongo. Toka siku hiyo kila alama ina kisanduku ambacho rubani anaandika maelezo yake kwanza, kabla bosi yeyote hajaiona, na jina lake halitoki kwenye ripoti ya mwezi.

Mwanzoni visanduku vilikuwa vinarudi vitupu. Juzi Kapteni huyohuyo alinipigia hata sijaingiza kadi ya rekoda kwenye kompyuta, "angalia dakika ya 14, nilishuka haraka kuliko inavyotakiwa, na nadhani wenzangu pia wanashuka hivyo pale." Nikaangalia safari za miezi mitatu za pale. Walikuwa wanne.