Mapaja ya mama si kiti cha gari

Dhana: Mtoto mgonjwa yuko salama zaidi akipakatwa garini.

Kila siku ya kliniki nayasikia haya, na nawaelewa wazazi. Mtoto ana mpira wa kulishia puani, shingo haijakaza, anapaliwa mara kwa mara; nani hatataka kumkumbatia? Lakini gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu, mtoto wa kilo 10 huchomoka kwa nguvu ya karibu kilo 300. Hayo ni zaidi ya magunia matatu ya mahindi. Hakuna mikono ya kuyazuia.

Kiti cha mtoto kikiwa nyuma, na mtoto akiangalia nyuma, hushika kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Angalia sana mwinamo wake. Kikiwa wima mno, kidevu cha mtoto mwenye misuli dhaifu huangukia kifuani na njia ya hewa hubanwa kimyakimya, bila hata kilio. Kwa mtoto mchanga kilazwe karibu nyuzi 45. Viringisha leso mbili, uziweke moja kila upande wa kichwa. Nyuma ya kichwa na chini ya mkanda usiweke kitu. Baridi ya Julai isikudanganye: vua sweta nene, kaza mkanda, kisha mfunike shuka kwa juu. Mwenye plasta ngumu ya kushikilia nyonga au anayelazimika kulala kabisa huhitaji kifaa chake maalum, kwa hiyo muulize daktari kabla ya siku ya safari.

Dhana: Akae mbele nimwone vizuri.

Mfuko wa hewa wa dashibodi ukifumuka na kugonga kiti kinachoangalia nyuma, unaweza kumuua. Mtu mzima mwingine akae naye nyuma. Ukiwa peke yako na ukamwona anabadilika rangi, egesha gari kwanza.

Dhana: Kutoka Kasarani hadi Hospitali ya Kenyatta ni karibu, mtungi wa oksijeni utatosha.

Nairobi haipimwi kwa kilomita. Jioni moja ya mvua tulikwama karibu na Pangani na binti ya dada yangu. Nilikuwa nimeshika tochi ya simu, nikiutazama mshale wa geji ukisogea kwenye rangi nyekundu, na magari mbele yetu hayasongi hata hatua. Tulifika, lakini tangu siku hiyo tunapiga hesabu kabla ya kutoka. Mtungi wa lita 340, mtoto akivuta lita 2 kwa dakika, huisha kwa dakika 170, yaani hata saa tatu hazitimii. Chukua muda unaoutarajia, uuzidishe mara mbili, kisha ongeza akiba. Mashine ya kunyonya makohozi ijae chaji, na ubebe ile ya mkono pia, kwa sababu betri hazina huruma.

Mtungi ufungwe imara usiruke ajali ikitokea. Usiguse vali kwa mikono yenye mafuta, wala mtu asivute sigara garini. Penye oksijeni moto hushika haraka sana.

Kama mnapanda Limuru kumsalimia shosho, kumbukeni Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na Limuru hupita 2,200. Hewa ni nyepesi zaidi huko, na mtoto anaweza kuhitaji oksijeni zaidi. Daktari ndiye wa kusema ni kiasi gani.

Dhana: Tukiwasha hazadi, watatupisha.

Taa hizo haziligeuzi gari lako kuwa ambulansi. Anayepita upande usio wake kwa kasi anaongeza hatari juu ya hatari. Mtoto akihangaika kupumua, piga 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu hata kabla hujatoka nyumbani.

Dhana: Daktari wake anamjua, karatasi za nini?

Aliye wa kwanza kufika penye ajali hamjui, na wewe huenda umezimia. Kwenye kiti cha binti yetu tumefunga kadi ya plastiki: jina lake, ugonjwa, dawa, kiasi cha oksijeni, simu ya mama na ya nyanya yake. Kila dawa ikibadilishwa, dada yangu huiandika upya usiku huohuo.